Kikundi cha Pembeni na Hatima ya Dawa: Kwa Nini Penisilini Moja Humezwa na Nyingine Huchomwa

Katika kliniki za watoto wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, liko swali ambalo wauguzi wamelizoea. Mtoto huanza kulia mara aonapo bomba la sindano, na mama aliyemshika humgeukia muuguzi na kuuliza: “Sista, mbona mtoto wa jirani alipewa penisilini ya vidonge, akapona? Huyu wangu ana kosa gani hata achomwe kila mwezi?” Muuguzi hujibu, “Mama, ndivyo daktari alivyoandika.” Jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshelezi mzazi. Mzazi asiyeelewa sababu ya maumivu ya mwanawe huanza kuruka tarehe za kliniki. Mwezi mmoja ukipita bila sindano, bakteria wa koo waitwao streptokokasi hupata nafasi ya kurudi, na kila wanaporudi vali za moyo zilizokwisha kuumia huweza kuumia zaidi.

Jibu kamili la swali la mama yule limo ndani ya molekuli ya penisilini yenyewe. Somo hili linaeleza namna kikundi kidogo cha atomu, kilichoshikizwa pembeni mwa molekuli, kinavyoweza kubadili mgawanyo wa elektroni mahali pengine katika molekuli hiyo, na hivyo kuamua kama dawa itastahimili asidi ya tumbo au itaharibika kabla ya kufika kwenye damu. Msomaji hahitaji kuwa mkemia. Akikubali kufuata hatua moja baada ya nyingine, ataweza kumjibu mama yule kwa maneno yanayoeleweka.

1. Elektroni ni kama shuka la watu wawili

Molekuli nyingi za viumbe hai na dawa nyingi tunazotumia zimejengwa juu ya atomu za kaboni zilizounganishwa kwa vifungo. Kila kifungo ni jozi ya elektroni ambazo atomu mbili zinamiliki kwa pamoja. Umiliki huo wa pamoja hauna usawa daima. Klorini, oksijeni na naitrojeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko kaboni. Hali hiyo yaweza kulinganishwa na watu wawili wanaojifunika shuka moja usiku wa baridi: mmoja akilivuta upande wake, mwingine hubaki wazi. Mwenye kuvuta hupata chaji hasi kidogo, na aliyebaki wazi hupata chaji chanya kidogo.

Kiasi cha elektroni kinachoizunguka atomu fulani huitwa msongamano wa elektroni. Sehemu kubwa ya mimenyuko ya kemia ya viumbe hufuata kanuni moja: mahali palipo na elektroni nyingi hushambulia mahali palipopungukiwa. Kwa hiyo anayetaka kujua molekuli itaathirika wapi hutafuta kwanza mahali pale palipovuliwa shuka.

Kikundi cha pembeni ni atomu au kundi la atomu lililowekwa badala ya haidrojeni kwenye kiini cha molekuli. Kikundi hicho chaweza kuvuta elektroni kutoka kwenye kiini au kukipa kiini elektroni. Hakilazimiki kuwa kwenye kifungo kile kinachovunjika au kuundwa; mvuto wake hupita katika vifungo vya jirani hadi unapofika.

2. Kuvuta, kutoa na umbali

Mfano ulio rahisi ni asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali wake. Hii ni asidi dhaifu. Mkemia akiondoa haidrojeni moja katika kaboni ya mwisho na kuweka klorini, asidi inayopatikana huwa na nguvu karibu mara 80 kuliko ile ya awali. Akiweka klorini tatu, nguvu huzidi mara 10,000. Sehemu inayotoa asidi haikuguswa hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba klorini huvuta elektroni, na mvuto huo huisaidia molekuli kubeba chaji hasi inayobaki baada ya kuachia haidrojeni yake.

Mvuto wa namna hii hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Katika asidi butanoiki, yenye mnyororo wa kaboni nne, klorini ikiwekwa kwenye kaboni iliyo jirani kabisa na kundi la asidi, nguvu ya asidi huongezeka karibu mara 90. Klorini hiyohiyo ikipelekwa mwisho wa mnyororo, nguvu huongezeka karibu mara 2 tu. Ndivyo ilivyo kwa shuka pia: anayelala kando ya mvutaji huhisi baridi kabla ya anayelala mwisho wa kitanda.

Iko njia ya pili ya kuathiri elektroni, nayo huitwa resonansi. Hutokea pale ambapo kikundi chenye jozi ya elektroni isiyotumika katika kifungo kimeungana moja kwa moja na pete ya benzini, au na kifungo maradufu. Jozi hiyo huweza kuingia katika pete na kusambaa. Hapa oksijeni, ambayo kwa kawaida huvuta, huweza kuwa mtoaji. Mwanakemia Louis Hammett wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1937 akitumia asidi benzoiki. Kikundi cha naitro kikiwekwa upande wa pili wa pete, nguvu ya asidi huongezeka karibu mara 6, kwa maana naitro huvuta. Kikundi cha methoksi kikiwekwa mahali hapohapo, nguvu hupungua hadi karibu nusu, kwa maana oksijeni yake huipa pete elektroni. Hammett alikipa kila kikundi namba yake, inayoitwa sigma: chanya kwa wavutaji, hasi kwa watoaji. Katika miaka ya 1960, Corwin Hansch wa Pomona College huko California aliongoza kazi ya kuziingiza namba hizo katika usanifu wa dawa.

Kwa ajili ya somo hili yatosha kukumbuka mambo matatu. Kwanza, kikundi cha pembeni huvuta au hutoa. Pili, mvuto hufifia kwa umbali. Tatu, oksijeni moja huweza kuvuta au kutoa kulingana na mahali iliposhikizwa.

3. Pete inayoua bakteria ndiyo inayovunjika

Alexander Fleming aliona athari ya ukungu wa penisilini mwaka 1928 katika Hospitali ya St Mary's, London. Kuigeuza kuwa dawa ilikuwa kazi ya Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao wa Oxford. Mwezi Februari 1941 waliitumia kumtibu askari polisi Albert Alexander, aliyekuwa na maambukizi makali. Dawa ilipitishwa mshipani. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ilitoka mwilini kwa haraka kupitia mkojo, akiba ikaisha, naye akafariki dunia. Matatizo mawili ya penisilini ya kwanza yalikuwa yamekwisha kujulikana: haikufaa kumezwa, na haikudumu mwilini.

Ili kuelewa tatizo la kumeza, ni lazima kuitazama molekuli. Umbo lake lilithibitishwa na Dorothy Hodgkin na wenzake mwaka 1945 kwa njia ya mionzi ya eksirei. Katikati yake ipo pete ndogo ya atomu nne, kaboni tatu na naitrojeni moja, iitwayo pete ya beta-laktamu. Pete hiyo imeungana na pete nyingine ya atomu tano yenye salfa. Kwenye pete ndogo ndipo kiliposhikizwa kikundi cha pembeni, kwa kifungo kiitwacho amaidi.

Kifungo cha amaidi ndicho kinachounganisha protini zote za mwili wetu, na kwa kawaida ni imara. Uimara huo hutokana na naitrojeni kuipa kaboni jirani sehemu ya jozi yake ya elektroni, ili kaboni hiyo isibaki na njaa. Lakini amaidi iliyomo ndani ya pete ya beta-laktamu ina shida mbili. Pembe za pete ni karibu nyuzi 90, kwa hiyo vifungo vimekunjwa kwa nguvu na vinatafuta nafasi ya kufunguka. Tena, kwa kuwa pete mbili zimeungana kwa mkunjo, naitrojeni haiwezi kuitolea kaboni elektroni zake sawasawa. Kaboni ya pete hubaki na upungufu wa elektroni, na chochote chenye elektroni za ziada huweza kuishambulia.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya penisilini. Bakteria wana vimeng'enya vinavyoshona ukuta wa seli zao. Kimeng'enya hicho kina oksijeni yenye elektroni za kushambulia. Kikikutana na penisilini, huishambulia kaboni yenye njaa, pete hufunguka, na kimeng'enya hubaki kimenaswa. Ukuta haushonwi tena, na bakteria hupasuka.

Hapohapo ndipo ulipo udhaifu wake. Asidi ya tumbo inapoizunguka molekuli, oksijeni ya kifungo cha pembeni, iliyo karibu kabisa na pete, hujipinda na kuishambulia kaboni ileile. Pete huvunjika kabla dawa haijafika popote. Kwa maneno mengine, kisu kinachokata nyama ndicho kinachomkata mpishi kidole. Mkemia hawezi kuiimarisha pete kupita kiasi, kwani pete iliyo imara mno haitawadhuru bakteria. Njia iliyobaki ni kuipunguzia elektroni ile oksijeni ya pembeni, ili ikose nguvu ya kushambulia. Kazi hiyo hufanywa na kikundi cha pembeni.

4. Vikundi vitano, hatima tano

Penisilini ya benzili ndiyo ile ya chupa ya sindano, ambayo wengi huiita penisilini ya fuwele. Kikundi chake cha pembeni ni pete ya benzini iliyotanguliwa na kaboni moja. Kikundi hiki hakivuti elektroni kwa nguvu ya kutosha. Oksijeni ya kifungo cha pembeni hubaki na elektroni zake, na pete huvunjika upesi. Katika maabara, kwenye asidi ya pH 1.3 na joto la nyuzi 35, nusu ya dawa hupotea kwa chini ya dakika 5.

Penisilini ya fenoksimethili, yaani penisilini V, inatofautiana na ile ya kwanza kwa atomu moja tu: oksijeni iliyopachikwa kati ya pete ya benzini na kaboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji mdogo wa Kundl nchini Austria, Ernst Brandl na Hans Margreiter walitambua kwamba penisilini hii haiharibiwi upesi na asidi. Oksijeni iliyoongezwa huvuta elektroni. Haiwezi kuzitoa kwa resonansi kwenda upande wa kifungo cha pembeni, kwa kuwa kaboni moja imekaa katikati na kukata njia hiyo. Lakini kwa mvuto wa kawaida, umbali wa kaboni moja si kikwazo. Katika asidi ileile, nusu ya dawa huchukua zaidi ya saa 2 kuharibika. Huo ni muda wa kutosha kuvuka tumbo na kuingia kwenye utumbo.

Ampisilini na amoksisilini zina kikundi cha amino karibu na kifungo cha pembeni. Ndani ya tumbo, kikundi hicho hupokea haidrojeni na kubeba chaji chanya kamili, na chaji hiyo huvuta elektroni kwa nguvu zaidi ya oksijeni. Muda wa nusu ya ampisilini kuharibika katika asidi ileile huzidi saa 10. Amoksisilini ina haidroksili moja zaidi kwenye pete ya benzini. Haidroksili hiyo iko mbali na pete ya beta-laktamu, na faida yake si uimara: dawa hufyonzwa vizuri zaidi na utumbo.

Methisilini ni mfano wa upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza walifaulu kukitenga kiini cha penisilini kisicho na kikundi cha pembeni, na tangu hapo vikundi vingi viliweza kupachikwa kwa hiari. Methisilini ilipewa vikundi viwili vya methoksi vilivyojaa kama walinzi mlangoni, ili kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu penisilini kisiifikie pete. Ulinzi ulifaulu. Lakini methoksi, kama Hammett alivyoonyesha, huweza kutoa elektroni kupitia pete ya benzini. Oksijeni ya kifungo cha pembeni ilipata elektroni za ziada, na dawa ikawa haistahimili asidi kabisa. Iliweza kutolewa kwa sindano pekee. Leo haitumiki tena katika matibabu, ingawa jina lake limebaki katika jina la bakteria sugu waitwao MRSA.

Kloksasilini iliunganisha sifa mbili. Kikundi chake cha pembeni ni kikubwa, hivyo humzuia mharibifu asiifikie pete, na wakati huohuo huvuta elektroni, hivyo dawa hustahimili asidi. Kwa sababu hiyo kloksasilini hupatikana kwa vidonge na kwa sindano.

Mifano hii mitano ina pete ya beta-laktamu ileile. Kilichobadilika ni kikundi cha pembeni peke yake.

5. Jibu la swali la mama

Sasa muuguzi anaweza kujibu. Sindano anayochomwa mtoto ni penisilini ya benzili iliyounganishwa na benzathini. Benzathini haibadilishi elektroni za pete wala haiongezi uimara kwenye asidi. Inachofanya ni kuifanya dawa isiyeyuke kwa urahisi, ili ikae ndani ya msuli kama akiba na kuingia kwenye damu kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu hutolewa kila baada ya wiki 3 au 4. Dawa hiyo ikimezwa, asidi ya tumbo ingeharibu sehemu yake kubwa, na akiba ndani ya msuli isingekuwapo.

Haki inataka mama aambiwe pia kwamba penisilini V ya vidonge ipo, na hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa homa ya baridi yabisi ambao hawawezi kupata sindano. Lakini hudumu mwilini saa chache, hivyo mtoto hulazimika kuimeza mara 2 kila siku, kwa miaka mingi, hata siku anapojisikia mzima kabisa. Siku zilizosahaulika hazionekani mpaka moyo uumie tena. Sindano moja ya mwezi huonekana, huandikwa kwenye kadi, na hakuna anayeweza kuisahau kwa bahati mbaya. Kwa maneno ya kliniki, muuguzi anaweza kusema: “Mama, dawa hii ikipita tumboni inaharibika. Tukiiweka kwenye msuli, inamlinda mtoto mwezi mzima. Ile ya vidonge ya jirani ilikuwa ya kuponya koo kwa siku chache, siyo ya kulinda moyo kwa miaka.”

6. Mambo ya kuzingatia wodini, dukani na nyumbani

Kuelewa kwamba kaboni ya pete ina njaa ya elektroni kunaeleza maagizo mengi ambayo huonekana kama mazoea tu.

Jentamisini na penisilini zisichanganywe katika bomba moja la sindano wala katika chupa moja ya dripu. Watoto wachanga wenye maambukizi ya damu mara nyingi hupewa ampisilini pamoja na jentamisini, na dawa hizi mbili hushirikiana vizuri ndani ya mwili. Lakini jentamisini ina vikundi vya amino vyenye elektroni za kushambulia. Zikikaa pamoja ndani ya bomba, amino hizo hushambulia pete, na dawa zote mbili hupoteza nguvu. Itolewe moja, mpira wa mshipani usafishwe kwa maji ya chumvi, kisha itolewe ya pili.

Maji nayo hushambulia pete, ingawa polepole. Kwa hiyo dawa ya unga ya watoto haichanganywi na maji mpaka siku ya kuanza kutumika, na haichanganywi kwa maji ya moto, kwa kuwa joto huharakisha mmenyuko. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa. Baada ya kuchanganywa, dawa hudumu kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo, mara nyingi 7, na bidhaa nyingine 14. Kinachobaki kimwagwe, kisihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wake atakapougua. Vivyo hivyo, kidonge cha amoksisilini cha kuyeyushwa kiyeyushwe wakati wa kumpa mtoto, si asubuhi kwa ajili ya jioni.

Penisilini V na ampisilini humezwa tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula, ili zifyonzwe vizuri. Amoksisilini yaweza kumezwa na chakula au bila chakula.

Mzio wa penisilini una chanzo hichohicho. Protini za mwili zina vikundi vya amino. Vikiishambulia pete, dawa hung'ang'ania kwenye protini, na kinga ya mwili huweza kuiona protini hiyo kuwa adui. Lakini kinga huweza pia kukitambua kikundi cha pembeni. Sefaleksini ina kikundi cha pembeni sawa na cha ampisilini, na sefadroksili ina kikundi sawa na cha amoksisilini. Mgonjwa aliyewahi kupata mzio wa amoksisilini asipewe sefadroksili au sefaleksini bila daktari kujua historia hiyo. Ni muhimu jina kamili la dawa iliyomdhuru liandikwe kwenye faili, badala ya maneno “ana mzio wa antibiotiki”.

7. Maswali ya kujipima

Swali la kwanza: Mtafiti anatengeneza penisilini mpya yenye kikundi kinachotoa elektroni kwenye kifungo cha pembeni. Je, ataitoa kwa njia gani? Jibu: Kwa sindano. Oksijeni ya kifungo cha pembeni itapata elektroni zaidi na kuishambulia pete kwa kasi ndani ya asidi, kama ilivyokuwa kwa methisilini.

Swali la pili: Kwa nini oksijeni ya penisilini V huvuta, lakini ya methisilini hutoa? Jibu: Katika penisilini V, kaboni imekaa kati ya oksijeni na kifungo cha pembeni, hivyo mvuto pekee ndio unaofika huko. Katika methisilini, pete ya benzini imeungana moja kwa moja na kifungo cha pembeni, hivyo elektroni za oksijeni hupita ndani ya pete na kukifikia.

Swali la tatu: Muuguzi amekuta bomba lenye ampisilini na jentamisini lililoandaliwa saa chache zilizopita. Afanye nini? Jibu: Alitupe kwa utaratibu wa taka za hospitali, aandae dozi mpya za dawa hizo katika mabomba mawili tofauti, na kumwarifu mkuu wa zamu.

Swali la nne: Je, benzathini ni kikundi cha pembeni? Jibu: Hapana. Haijashikizwa kwenye kiini kwa kifungo cha kugawana elektroni. Imeungana na penisilini kama chumvi, na kazi yake ni kupunguza kuyeyuka.

Atomu moja ya oksijeni iliyopachikwa mahali pake iliitoa penisilini kwenye bomba na kuiweka kwenye kidonge. Kwa mtoto mwenye vali zilizoumia, bado bomba ndilo linalomlinda, na sababu yake sasa inaweza kuelezwa. Mzazi anayeielewa hurudi tarehe ikifika.